Zoezi ndilo humfunga au kumfungua mwanafunzi kinywa

KATIKA karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE huwa kuna sehemu ya isimujamii yenye alama 10. Mara kwa mara mtahiniwa hupewa mazungumzo mafupi: utingo anavutana na abiria, au mchuuzi na mteja wake sokoni. Akiulizwa sifa za sajili hiyo, mtahiniwa aliyeandaliwa vyema haumizi kichwa. Huandika: kuchanganya ndimi, kuhamisha ndimi, sentensi fupi fupi, ukiukaji wa kanuni za sarufi. Anapata alama zake na kuendelea. Lakini mtahiniwa huyo huyo akithubutu kuchanganya ndimi darasani kwa sababu neno la Kiswahili limempiga chenga, hukatizwa, hurekebishwa na pengine huchekwa. Kumbe tunamtuza kwa kuitaja tabia ambayo tunamwadhibu kwa kuwa nayo!

Kwa miaka mingi nimezuru shule za Thika na Ruiru kuwakagua walimu wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha. Hukaa nyuma ya darasa na daftari langu, kwenye dawati ambalo lilitengenezewa mtu mwenye magoti mafupi kuliko yangu. Kazi yangu ni kumtazama mwalimu, lakini nakiri kwamba masikio yangu huwafuata wanafunzi. Ninachokisikiliza zaidi si makosa yao. Hayo nayajua, na yamekwisha kuandikiwa tasnifu nyingi kiasi cha kujaza lori. Ninachokisikiliza ni kile wanachokifanya katika ile nukta ambapo wanajua wanachotaka kusema lakini neno halipo.

Wanaisimu huyaita mambo hayo mikakati ya mawasiliano. Larry Selinker aliyataja mwaka wa 1972 alipokuwa akieleza lugha ya mpito ya mwanafunzi, lugha ambayo si ile ya nyumbani kwake wala si ile anayofunzwa. Baadaye wakaja wengine wakayapanga kwa makundi na majina mengi, hata mengine yakazidi mahitaji. Kwa msomaji wa safu hii yanatosha machache. Mwanafunzi akikosa neno anaweza kulizunguka, yaani akakieleza kitu kwa umbo au kazi yake. Anaweza kukopa kutoka lugha yake ya kwanza au lugha nyingine anayoijua. Anaweza kubuni neno. Anaweza kumwomba mwenzake amsaidie. Anaweza kutumia mikono na uso. Na anaweza kuliacha jambo lenyewe, akasema kitu kingine kilicho rahisi au akanyamaza kabisa.

Sasa nitoe mfano. Katika shule moja ya Ruiru, mwalimu alikuwa na picha za vyombo vya jikoni alizozikata kutoka magazetini. Akaja msichana wa gredi ya nane, akaangukia picha ya chujio. Neno hakulijua. Akasimama kidogo, kisha akasema: “Ni hiyo kitu iko na mashimo mingi mingi, ya kutoa majani kwa chai, halafu iko na mkono.” Darasa zima lilijua anachozungumzia. Mtu asiye na picha mbele yake angeweza kukichora chombo hicho. Mwalimu naye akasema, “Acha kuzunguka mbuyu, sema chujio,” kisha akamrekebisha upatanisho wa kisarufi: si hiyo kitu, ni hicho kitu, si mashimo mingi, ni mashimo mengi. Marekebisho yalikuwa sahihi. Hata hivyo, kilichokuwa kimetendeka hapo ndicho kitu bora zaidi kilichotendeka katika kipindi hicho cha dakika 40, na hakuna aliyekiona.

Wiki iyo hiyo nikalisikia darasa hilo tena, safari hii likiwa na zoezi la kusimulia upya hadithi iliyosomwa na mwalimu. Msichana wetu aliitwa. Hadithi yenye wezi, mto uliofurika na bibi kizee aliyejificha kichakani ikatoka kinywani mwake kwa sentensi tano. Mto ulitoweka. Bibi kizee hakujificha tena, “alikuwa tu hapo”. Palipohitaji neno gumu, jambo lenyewe lilifutwa. Mwenzake aliyefuata, mvulana ambaye nyumbani kwao huzungumza Gikuyu, hakufuta. Yeye aliwaingiza wezi “kwa githaka”, na mmoja wao “aka-slip” akaanguka mtoni, na hadithi ikasonga mbele bila kusimama. Hakuna kati yao aliyejaribu kulizunguka neno lolote kama msichana alivyolizunguka chujio.

Je, huyu msichana ni hodari wa kuzunguka maneno au ni mwepesi wa kukwepa? Ukimwona Jumatatu utasema hodari. Ukimwona Alhamisi utasema mkwepaji. Kumbe uwezo wake ni ule ule mmoja, na kilichobadilika ni zoezi.

Jambo hili si geni katika utafiti. Huko Uholanzi, katika chuo kikuu cha mji wa Nijmegen, kundi la watafiti lilishughulika nalo katika miaka ya 1980, na mwaka wa 1990 Nanda Poulisse akachapisha kitabu kuhusu wanafunzi Waholanzi wanaojifunza Kiingereza. Wanafunzi hao hawakupewa zoezi moja. Walitajiwa vitu vilivyo pichani, wakaelezea maumbo yasiyo na jina, wakasimulia upya hadithi walizozisikia kwa Kiholanzi, na wakahojiwa. Kwenye picha walitoa maelezo marefu ya umbo, sehemu na kazi ya kitu. Kwenye hadithi na mahojiano walitumia njia za mkato: neno la karibu, au neno la Kiholanzi lililovishwa sauti za Kiingereza. Na sababu inaeleweka. Kwenye picha, neno ndilo kazi yote, hakuna muktadha wa kulisaidia, na hakuna anayekuharakisha. Kwenye hadithi, neno ni tofali moja tu katika ukuta. Msikilizaji anaweza kulikisia, na ukisimama kulifafanua, ukuta wote unaporomoka.

Nina sababu ya kuyarejelea ya Uholanzi katika gazeti la huku kwetu. Nimekuwa mtahini wa tasnifu kwa muda mrefu, na kuna aina moja ya kazi inayonijia mezani kila mara. Mtafiti huchagua shule kadhaa, huandaa zoezi moja, mara nyingi insha ya picha au usimulizi, kisha huhesabu. Kutokana na hesabu hiyo huhitimisha kwamba wanafunzi wa eneo fulani “hupendelea” kukopa kutoka lugha ya mama, au kwamba wasichana “hukwepa” zaidi ya wavulana, au kwamba shule za mjini zina mikakati bora kuliko za mashambani. Majedwali ni mazuri, asilimia zimefika nukta mbili za desimali. Lakini alichokipima si mwanafunzi. Amepima zoezi lake mwenyewe, kisha akalibandika jina la mwanafunzi. Angebadilisha picha ikawa ramani, mapendeleo hayo yangegeuka mbele ya macho yake kama kinyonga.

Thika na Ruiru zinalidhihirisha tatizo hili kuliko mahali pengi. Mtu apitaye barabara kuu kwa gari huiona miji hii kama mtaa mmoja mrefu usiokatika. Kwenye sensa ya 2019 Ruiru ilikuwa na watu zaidi ya 490,000, ikawa ya nne nchini kwa ukubwa baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, ilhali Thika, yenye jina kubwa zaidi, ilikuwa na takriban 251,000. Ruiru imejazwa na wahamiaji wa kila pembe ya nchi: Mluhya amepakana na Mkisii, Mkamba na Mjaluo, na watoto wao hukutana uwanjani kwa Sheng na Kiswahili cha mtaani. Mtoto wa Kihunguro au Githurai, Kiswahili kwake kinaweza kuwa ndiyo lugha ya kwanza, ingawa si kile cha vitabu. Ukitoka Thika ukapanda kuelekea Gatanga, mambo hubadilika. Huko Gikuyu ndiyo lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kanisani, na Kiswahili ni lugha ya pili kwa maana kamili. Kuwaweka wote katika kapu moja la “wanafunzi wa lugha ya pili” na kuwapa zoezi moja ni kutwanga maji kwenye kinu.

Isitoshe, si kila neno la Kiingereza kinywani mwa mtoto wa Ruiru ni ishara ya pengo. Akisema “superhighway” hakukosa neno. Barabara ile, tangu ilipokamilika 2012, imeitwa hivyo na wote, hata nyanya yake. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha 1993 kilichotumia mifano mingi ya Nairobi, alionyesha kwamba watu huhamisha ndimi kwa sababu za kijamii: kujitambulisha, kujikweza, kujiweka karibu na mwenzio. Mtafiti anayehesabu kila neno la kigeni kuwa mkakati wa kuziba upungufu anahesabu vitu viwili vilivyo mbalimbali kwa mkono mmoja. Kuna njia rahisi ya kuvitenganisha. Sikiliza kama mzungumzaji alisita, alirudi nyuma, alipandisha sauti kana kwamba anauliza. Aliyepitiliza bila kusita hakuwa na pengo la kuziba.

Turudi darasani, maana tasnifu hukaa rafuni bali darasa lina watoto. Mazoezi tunayowapa yanawafunza nini kuhusu kukosa neno?

Nianze na mdahalo, kwa kuwa ndio unaopendwa na walimu wanaotaka kuonyesha kwamba wanafunza kuzungumza. Mada ni ile ile tangu enzi zangu, kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani. Mwanafunzi husimama, humwamkua mwenyekiti, katibu, mweka wakati, jopo la majaji, watetezi na wapinzani, na salamu zikiisha dakika moja imeshakwenda. Kisha hutoa hoja alizoziandika jana na kuzikariri usiku. Hakuna anayemkatiza kumuuliza “una maana gani?” Hivyo hahitaji mkakati wowote isipokuwa mmoja, kuambaa na kila neno asilokuwa na hakika nalo. Mdahalo una manufaa yake ya kujenga ujasiri, sitaki kuudharau, lakini kama zoezi la kupambana na upungufu wa maneno haufui dafu.

Insha ndiyo mbaya zaidi, na hapa lawama si za mwalimu peke yake. Kizazi kizima kilipitia KCPE, hadi ule mtihani wa mwisho wa 2023, kikiamini kwamba insha nzuri ni ile iliyojaa mapambo yaliyokaririwa. Kikajua kwamba kundi la nyota ni thurea na mtoto wa simba ni shibli. Sina ugomvi na thurea, ni neno zuri. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto anayeijua thurea na hana neno la chujio hafunzwi afanyeje dukani anapolihitaji. Insha humpa saa nzima ya kuchagua asiyoyasema. Akikosa neno la kitu, hukiondoa kitu hicho katika hadithi, na mtahini hatajua kamwe kilikuwepo. Ukwepaji huo hauachi alama yoyote kwenye karatasi. Kinyume chake, aliyejaribu kulizunguka neno akakosea upatanisho ameacha kosa linaloonekana, na wino mwekundu humsubiri yeye. Miaka kumi ya mafunzo ya namna hiyo humwonyesha mtoto kwamba kunyamaza kuna usalama kuliko kujaribu.

Tazama sasa zoezi la namna nyingine. Mwalimu mmoja kijana, tena si yule wa chujio, aliwapanga wanafunzi wake wawili wawili, migongo ikielekeana. Mmoja alikuwa na ramani ya Ruiru aliyoichora mwalimu kwa mkono, mwenzake alikuwa na ramani hiyo hiyo iliyokosa majina na baadhi ya njia. Mwenye ramani kamili amwelekeze mwenzake hadi afike. Nilikaa karibu na wavulana wawili, mmoja wao akiwa ndiye aliyekuwa bubu katika mdahalo wa wiki iliyotangulia. Niliyanakili maneno yao:

“Ukitoka steji, ufuate barabara ya kuenda Kamakis.”

“Kamakis ya nyama?”

“Eeh, hiyo. Lakini usifike huko. Kabla ufike kuna hiyo kitu magari huzunguka.”

“Raundabauti?”

“Eeh... mzunguko. Hapo ukate left. Kushoto.”

“Left yangu ama yako?”

Mwenye sikio la sarufi atasema “kabla ufike” si sanifu, na ni kweli. Lakini hesabu yaliyotendeka katika mistari hiyo michache. Neno lilikosekana, likazungukwa kwa maelezo ya kazi yake. Mwenzake akatoa neno la kukopa ili kuhakikisha. Neno hilo la kukopa likamkumbusha wa kwanza neno la Kiswahili, akalitamka. Kisha akakopa mwenyewe, akajirekebisha papo hapo bila mwalimu kumwambia. Na swali la mwisho, left yangu ama yako, ni swali la mtu anayejua kwamba maana hujengwa na wawili. Hapakuwa na njia ya kukwepa. Angekwepa, mwenzake angepotea. Ndiyo siri ya zoezi lenye pengo la habari kati ya wazungumzaji wawili: linaufanya ukimya kuwa ghali.

Ipo hoja moja ambayo mwalimu yeyote wa Thika ataniuliza, na ana haki. Wanafunzi hao wawili wanajua Gikuyu, Kiingereza na Sheng, wote wawili. Kwa nini wasikimbilie huko? Hakika wengine walikimbilia. Nyuma ya darasa kulikuwa na jozi iliyomaliza kazi haraka kuliko wote, kwa Sheng tupu. Hapa ndipo mfano wa Uholanzi haututoshi. Mkopo huwa mwepesi pale msikilizaji anapozijua lugha zako zote, na katika miji yetu anazijua. Kwa hiyo msikilizaji mwenyewe ni sehemu ya zoezi. Mwalimu yule kijana, kwa werevu wake, alizivunja jozi katika raundi ya pili akamketisha mwenye Gikuyu nyumbani na mwenye Dholuo, kisha akasema kwamba ramani zitakazofika ni zile tu zilizoelekezwa kwa Kiswahili. Hakupiga marufuku neno lolote. Kelele za “hiyo kitu ya...” na “ile mahali watu hu...” zilijaa darasani kama soko la Makongeni siku ya Jumamosi.

Je, mambo haya hufundishika, au ni kipawa tu? Zoltán Dörnyei, Mhungaria, alilijaribu swali hilo katika shule za upili za nchini mwake, akachapisha matokeo 1995. Kwa wiki 6 wanafunzi walifunzwa namna ya kufafanua kitu wasichokijua jina, namna ya kutumia vijazo vya kuvuta muda, na namna ya kuhepa mada kwa adabu. Ufafanuzi wao uliboreka. Kiswahili kina hazina kubwa ya vijazo hivyo, “yaani”, “nini hii”, “tuseme”, “unajua tena”, ambavyo mwalimu wa kawaida huvifuta kama uchafu. Mswahili wa Lamu havifuti. Huvitumia kupumua.

Nasikia ikisemwa kwamba mtaala wa umilisi umekwisha kutatua haya, kwa kuwa mada ya kwanza katika kila gredi ni Kusikiliza na Kuzungumza. Kwenye karatasi ni kweli, na ni hatua. Lakini fungua mtihani unaofunga safari. KCSE ina karatasi tatu za Kiswahili, alama 40, 80 na 80, na hakuna hata moja inayomtaka mtahiniwa afungue kinywa. Mtoto wa Kenya anayesoma Kifaransa au Kijerumani hukaa mbele ya mtahini akazungumza. Anayesoma lugha ya taifa, ambayo Katiba ya 2010 imeifanya pia lugha rasmi, hatamki neno. Huambiwa kwamba wao ni wengi mno, na mwaka wa 2024 kweli walipita 960,000. Ila shule hizo hizo tayari hutathmini kazi za darasani katika gredi za chini na kupakia alama kwenye mtandao wa KNEC. Mlango upo, hauhitaji kuvunjwa ukuta.

Wasiwasi wangu ni kwamba tathmini ya kuzungumza ikija, itakuja kwa zoezi moja, na zoezi hilo litakuwa hotuba. Itakuwa rahisi kusimamia na rahisi kukariri. Yule msichana wa chujio atapata alama za chini, mvulana wa ramani atapata sifuri, na bingwa wa salamu za mwenyekiti atatuzwa. Zinahitajika kazi tatu zisizofanana, hata kama ni fupi: kitu cha kufafanua, kisa cha kusimulia, na jambo la kutatua na mwenzako asiyelijua. Karatasi mbili za ramani zilizochorwa kwa mkono hazina gharama ya kumshinda mwalimu mkuu yeyote.

Walimu wa Thika na Ruiru wamenionyesha majedwali wanayoyatumia sasa kutathmini mazungumzo. Yana viwango vinne, kutoka kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali nayo. Kuna safu ya matamshi, safu ya ufasaha, safu ya msamiati mwafaka, hata safu ya kumtazama msikilizaji machoni. Safu ya alichokifanya mwanafunzi baada ya kukosa neno sijaiona katika jedwali lolote kati ya hayo.